Kijana asiye na kazi anayemuuguza baba aliyepooza: ni mvivu aliyepata kisingizio, au ndiye anayefanya kazi kuliko wote nyumbani?

#1 Mwenge Stendi
Wakuu salaam. Kuna jambo lipo nyumba nyingi, Dar na mikoani, tulijadili bila kutukanana.

Baba mstaafu, ana sukari na presha za miaka mingi. Siku moja anaanguka kwa kiharusi. Anarudi kutoka hospitali upande wa kulia umepooza, maneno hayatoki vizuri, na ana mpira wa mkojo. Watoto watano: wawili wana ajira, mmoja kaolewa Mwanza, mmoja yuko chuo. Anabaki yule wa miaka 32 au 35, aliyemaliza stashahada akazunguka na bahasha, akashika bodaboda ya mkataba, akauza simu, kila kitu kikafia njiani. Kikao cha familia hakimalizi hata nusu saa: "Wewe si upo upo tu, kaa na mzee."

Miaka mitatu baadaye walewale wanasema hana mwelekeo, hana mke, anakula pensheni ya baba.

Dai langu: kuuguza ndiko kulikomla huyu kijana. Anayepinga alete hoja.

#2 Ngosha wa Kirumba
Napinga. Umejijibu mwenyewe, mkuu. Bodaboda ilimshinda kabla mzee hajaanguka. Kuuguza kumempa tu la kujibu akiulizwa unafanya nini siku hizi. Mzee analala mchana saa tatu, nne. Muda huo kijana yuko kwenye simu anapanga mkeka wa kubeti.

#3 Sista wa Wodini
Ngosha, tuanze na hesabu.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Ubavu mzima, chali, ubavu uliopooza (huu muda mfupi zaidi), unarudi mwanzo. Humlazi ubavu moja kwa moja, maana nyonga itabeba uzito wote. Unamwinamisha nyuzi 30 hivi na mto mgongoni, na mto mwingine chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Unanyoosha shuka, kwa sababu mkunjo mmoja uliokaa chini ya makalio usiku kucha unatosha kuanzisha kidonda. Dakika 10 kila mara, mara 12: saa 2.

Kulisha: anakaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko cha chai. Unasubiri ameze ndipo uongeze, na unakagua shavu la upande uliopooza maana chakula hujificha huko. Dakika 45 kwa mlo, milo mitatu: saa 2 na robo. Halazwi mpaka nusu saa ipite.

Kuogesha dakika 45. Kubadilisha pampasi na kusafisha, mara 5 za dakika 20: saa 1 na dakika 40. Mazoezi ya viungo mara 2 za nusu saa: saa 1. Kufua saa 1. Dawa, kupima sukari na presha, kumwaga mfuko wa mkojo: nusu saa.

Jumla saa 9 na dakika 10. Hapo sijaweka kupika, foleni ya kliniki, wala kumtuliza mzee anapolia bila sababu, jambo la kawaida sana baada ya kiharusi.

#4 Hesabu Kwanza
Sista, umehesabu mara mbili. Ukibadilisha pampasi umeshamgeuza. Geuzo 5 kati ya 12 zimo humo, toa dakika 50. Inabaki saa 8 na dakika 20.

#5 Sista wa Wodini
Sawa, 8 na 20. Ila zimekatwakatwa vipande vya saa mbilimbili kwa saa 24, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu hawezi kulala saa mbili mfululizo halafu asubuhi aende usaili Posta. Hilo ndilo linalommaliza kijana kuliko wingi wa saa zenyewe.

#6 Kwa Mathias
Naweka kambi hapa. Niongeze kwenye vidonda: mpira wa ndani wa tairi uliojazwa upepo kidogo, mzee akalie katikati. Na pakiwa pekundu pasuguliwe na spiriti damu itembee.

#7 Fundi Viungo
Hapana kwa yote mawili, Kwa Mathias.

Tairi linabana ngozi kuzunguka kidonda na kuzuia damu kufika pale katikati unapotaka kupaokoa. Spiriti inakausha ngozi, na kusugua kunachana mishipa midogo iliyokwisha kubanwa.

Bonyeza wekundu kwa kidole. Ukiachia, pakapauka halafu rangi ikarudi, pumzisha tu pale, usimlaze upande huo. Pasipopauka, kidonda kimeshaanza chini kwa chini. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi shika: pana joto au ubaridi kuliko pembeni, au pagumu, au panakuwa kama tope. Kagua chini kabisa ya mgongo, nyonga, visigino, viwiko, na nyuma ya kichwa.

Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kwa kubonyezabonyeza taulo, ipakwe mafuta ya kawaida kuzuia mkojo na kinyesi. Godoro la hewa linasaidia, ila halifuti kugeuza. Familia nyingi zikinunua lile godoro zinaacha kugeuza, na kidonda kinakuja vilevile.

#8 Ngosha wa Kirumba
Darasa zuri, lakini hoja yangu haijaguswa. Kama saa ni 8 na 20, mbona mzee mwenyewe analala mchana wote? Usiku ndiyo anaita. Kijana angempangia ratiba mchana asilale, usiku wote wangelala.

#9 Dozi Kamili
Hapo Ngosha kauliza la maana. Kukesha usiku mara nyingi kuna sababu ya dawa. Angalieni kama anatumia frusemide au hydrochlorothiazide, zile za kutoa maji. Zikinywewa jioni mgonjwa anakojoa usiku kucha. Zinywewe asubuhi. Familia nyingi hupewa karatasi ya "1x1", hakuna aliyewaambia ni saa ngapi.

#10 Sista wa Wodini
Dozi, rudi #1. Mzee ana mpira wa mkojo, haamki kwenda chooni. Mimi ningeanza na mpira wenyewe. Usiku anageuzwa, bomba linajikunja au analilalia, kibofu kinajaa na tumbo la chini linakuwa gumu. Hawezi kueleza, anapiga kelele. Kagua bomba toka juu hadi chini. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili. Bomba lifungwe pajani lisivutike.

Halafu maambukizi. Kwa mtu mzima wa umri huo homa inaweza isiwepo kabisa. Unachoona ni kuchanganyikiwa kwa ghafla: jana anakujua, leo anakuita kwa jina la kaka yake marehemu. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, msingoje kliniki ya mwezi.

Na mwanaume asiyetahiriwa, ukishasafisha rudisha ngozi mbele. Ikiachwa nyuma inavimba na kukaba, inakuwa dharura.

#11 Kipimo Mkononi
Kabla ya mpira, pimeni sukari saa 9 usiku. Mzee wa sukari anayetumia glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) au insulini ya jioni, akala vijiko viwili vya ugali akasusa, sukari inashuka usiku. Atatoka jasho, ataota ndoto mbaya, ataita watu. Asubuhi kichwa kinauma, mchana analala. Kila mtu anasema ni uzee.

Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri: sukari vijiko vitatu vya chai kwenye nusu kikombe cha maji, rudia kupima baada ya dakika 15, ikipanda ale kitu. Ikiwa hajitambui usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, tafuta usafiri. Na kama chanzo ni glibenclamide msimrudishe nyumbani upesi hata akizinduka, inakaa mwilini muda mrefu na sukari itashuka tena.

#12 Mtoto wa Mvita
Mwasema mpira, mwasema sukari. Hakuna aliyetaja sonona? Mtu alikuwa na sauti yake nyumbani, leo anafungwa pampasi na mwanawe. Kulala mchana, kususa chakula, kugeukia ukuta, hiyo ni dalili, na yatibika kwa dawa na mazungumzo. Madaktari wengi hawaulizi kwa sababu mzee haongei.

#13 Kwa Mathias
Na choo je? Siku nne hajapata choo, tumbo limejaa, utalala wewe?

#14 Fundi Viungo
Choo ni kweli. Yote hayo yanaweza kuwepo pamoja kwa mzee mmoja, ndiyo maana daftari ni muhimu: saa aliyokula, kiasi, choo, sukari, mkojo wa rangi gani, saa aliyokesha. Bila hilo daktari anakisia kama tunavyokisia hapa.

#15 Ngosha wa Kirumba
Maelezo matano, hakuna hata moja linalosema kwa nini kijana huyu na si binti au mkwe.

#16 Mtoto wa Mvita
Hilo lina jibu kwetu pwani. Baba mtu mzima hataki kuoshwa tupu na bintiye, na kwa mkwe ni aibu isiyosemeka. Mke mwenyewe ana miaka 65, magoti hayawezi kumnyanyua mtu wa kilo 80. Abaki kijana wa kiume. Hata angekuwa na kazi wangemwita. Hoja ya uvivu yaanguka hapo.

#17 Ngosha wa Kirumba
Haianguki. Wa kiume wako watatu. Aliyeitwa ni yule asiye na cha kupoteza.

#18 Hesabu Kwanza
Hapa nakubaliana na Ngosha nusu. Familia inapima nani akiacha shughuli zake tutapoteza kidogo zaidi. Mwenye mshahara anatuma hela ya dawa, asiye na mshahara anatoa mwili wake. Kosa linakuja baadaye: hela inahesabiwa kuwa mchango, mwili hauhesabiwi. Wakimwajiri mtu wa kukaa na mzee usiku na mchana wangemlipa, wangempa chakula, na angeondoka mwisho wa mwezi wakichelewesha.

#19 Jirani wa Nakuru
Habari zenu. Huku Kenya Katiba ya 2010, ibara ya 57, inataja wazee kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia na Serikali. Na kuna Inua Jamii kwa waliofikisha miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Hizo hazifikishi pampasi mwezi mzima. Kwa hivyo hata pale sheria inaitaja familia, mzigo unarudi kwa yule kijana aliye boma.

#20 Bi Kiunguja
Zanzibar Pensheni Jamii ilianza 2016 kwa wa miaka 70 na zaidi, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni heshima, lakini si ya kuugulia.

Na niseme la mirathi, maana #1 umegusa "anakula pensheni". Katika sheria ya Kiislamu mtoto aliyeuguza hapati fungu kubwa kwa sababu ya kuuguza. Watoto wa kiume wako sawa, kila mmoja mara mbili ya binti. Wasia hauzidi theluthi, na hauendi kwa mrithi ila wenzake waridhie. Mzee akitaka kumtuza kijana wake ampe hiba akiwa hai na akili zake, na amkabidhi kwelikweli. Asiseme tu "chumba cha uani chako" huku hati anayo mwingine. Hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia.

#21 Karatasi Tatu
Bi Kiunguja, hapo pa maradhi ya mauti pana ugomvi kila siku. Kiharusi cha miaka mitano kilichotulia si sawa na wiki za mwisho. Ndugu watasema ni maradhi yaleyale. Kwa hiyo hata hiba iandikwe, iwe na mashahidi wasio warithi, na tarehe.

Niongeze upande wa hela za kila mwezi, ndiko vijana hawa wanakoitwa wezi.

Kijana kutumia kadi ya benki ya baba na namba ya siri ni mazoea, lakini hakuna kinachomlinda ndugu wakigeuka. Dawa yake ni hati ya uwakala, yaani mzee anampa kijana mamlaka ya kumshughulikia mambo yake ya fedha. Mzee asaini akili ikiwa timamu. Asiyeweza kuandika anaweka dole gumba, anasomewa hati kwa lugha anayoielewa, na wakili au kamishna wa viapo anaandika kwamba alisomewa akaelewa. Kupoteza maneno si kupoteza akili: wengi waliopooza kulia wanaelewa kuliko wanavyoweza kusema, na hujibu kwa kichwa au jicho. Wakili amuulize maswali ya ndiyo na hapana, mengine kwa kugeuza, aone kama majibu yanashikana. Mkingoja mpaka akili ichanganyikiwe kabisa, uwakala hautafaa tena, mtakwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali.

Mstaafu wa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) afanyiwe uhakiki, yaani kuthibitisha kwamba yu hai, kwa wakati. Siku hizi hufanyika kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani, kwa hiyo mgonjwa wa kitandani hana haja ya kubebwa. Ikikwama nendeni ofisini kwao mapema na barua ya daktari, kabla pensheni haijasimama.

Halafu kijana aandike matumizi: pampasi, vijiti vya kupimia sukari, sabuni, nauli. Ukurasa upigwe picha kila Jumapili uende kwenye kundi la WhatsApp la familia. Maneno ya "anakula pensheni" yanapungua sana.

#22 Mwenge Stendi
Shukrani Karatasi Tatu. Hilo la dole gumba wengi hatulijui.

#23 Dodoma Makulu
Napita na swali. Nyumba haina friji, insulini iwekwe wapi? Kwa jirani inakaa jokofu la samaki.

#24 Dozi Kamili
Kwenye jokofu la samaki itaganda, na insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa inakaa nje ya friji wiki nne ikiwa pasipo joto kali. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa.

Bila friji: chungu ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Insulini iwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Maji ya mchangani uongeze asubuhi na jioni.

Ile ya mchanganyiko, 70/30, inajitenga. Iviringishe polepole kati ya viganja mpaka iwe nyeupe sawasawa, usiitikise. Ikibaki na mabonge tupa. Na bomba la sindano liwe lile la insulini lenye alama U-100. Watu wanachoma kwa bomba la kawaida la mililita na kukadiria kwa jicho, hapo unaua.

#25 Mtoto wa Mvita
Chungu chafaa Dodoma penye hewa kavu. Mombasa, Tanga na Dar wakati wa masika hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi na chungu hakipoi vile. Huku pwani afadhali jirani mwenye friji ya kawaida, rafu ya katikati, mbali na barafu.

#26 Kwa Mathias
Na presha ikipanda usiku, nifedipine moja chini ya ulimi, inashuka fasta.

#27 Sista wa Wodini
Inashuka fasta mno, ndilo tatizo. Ubongo ambao tayari una sehemu iliyokosa damu unakoseshwa tena. Msifanye. Apimwe tena akiwa ametulia dakika tano, mkono usio na ugonjwa, umewekwa usawa wa moyo. Kukiwa na dalili mpya (uso kupinda zaidi, mkono usiopooza kuregea, maneno kupotea) ni hospitali, presha iwe 180/120 au chini yake, na mkumbuke saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, watawauliza. Aspirini ya kubahatisha msimpe, hamjui kama ubongo umeziba au unavuja.

#28 Ngosha wa Kirumba
Sista, nikuulize kwa heshima. Yote haya kijana wa #1 anayajua? Kama anayajua, basi ana ujuzi wa kuuza, na kukaa bure ni hiari yake. Kama hayajui, mzee yuko hatarini.

#29 Sista wa Wodini
Wengi wanayajua nusu, kwa sababu siku ya kuruhusiwa wodini wanaonyeshwa haraka haraka wakati wengine wanatafuta risiti. Ombeni muonyeshwe siku mbili kabla ya kutoka, na kijana afanye kwa mikono yake mbele ya muuguzi: kumgeuza, kumlisha, kusafisha mpira. Msipeleke shangazi kuonyeshwa halafu kazi afanye kijana.

Kuhusu kuuza ujuzi, ndiyo, Dar na Nairobi watu wanaajiriwa kukaa na wagonjwa majumbani. Lakini atatoka lini kwenda kumuuguza baba wa mwingine?

#30 Hesabu Kwanza
Akipata saa 6 za mfululizo mara tatu kwa wiki anatoka. Wenye ajira wawili wanakaa na mzee Jumamosi na Jumapili kwa zamu, na wanachanga mtu wa kulipwa usiku mmoja katikati ya wiki. Hiyo si hisani. Kijana asiyelala anasahau dozi au anazidisha.

#31 Ngosha wa Kirumba
Na akipewa hizo saa 6 akazilalia?

#32 Mtoto wa Mvita
Alale. Ni usingizi wake anaulipa. Huenda na yeye ana sonona ileile ya babake, tangu kabla mzee hajaanguka. Kazi mbili kumfia mkononi ukaziita uvivu bila kumuuliza, Ngosha, umehukumu bila shahidi.

#33 Ngosha wa Kirumba
Yawezekana. Bado nasema wako wanaojificha.

#34 Mwenge Stendi
Wako, sikatai. Ila wa kwangu wa #1 siwezi kumweka huko baada ya kusoma #3. Swali la mwisho kwa Fundi Viungo: mzee analalamika bega la upande uliopooza, akivalishwa shati analia. Kijana analaumiwa kuwa na mkono mzito.

#35 Fundi Viungo
Huenda ni namna anavyonyanyuliwa. Misuli inayoshikilia bega imeregea, mkono unaning'inia, kiungo kinaachana. Mtu akimvuta kwa mkono huo, au akimwinua kwa kwapa, anaumiza zaidi.

Kuvaa: mkono uliopooza uingie kwanza, mzima ufuate. Kuvua ni kinyume, mzima kwanza. Mashati ya vifungo mbele, saizi moja zaidi. Akikaa, mkono uwe juu ya mto au meza. Mazoezi ya kuinua mkono yasipite usawa wa bega mpaka mtaalamu aone.

Kumtoa kitandani: kiti kiwe upande usiopooza, magurudumu yafungwe, miguu yake ikanyage sakafu. Goti lako lizuie goti lake lililopooza lisikunjike. Shika mkanda mpana au kanga iliyofungwa kiunoni, usishike mkono. Ainame mbele, pua ipite vidole vya miguu, ndipo mwinuke pamoja na kuzunguka. Kijana akunje magoti yake, la sivyo mgongo utamwisha kabla ya miaka miwili.

Fanyeni hivyo wiki mbili. Ila mkono ukivimba na kuwa wa moto, msingoje hizo wiki mbili, apelekwe aonwe. Mshipa wa damu unaweza kuwa umeziba.